Usanifu wa mandhari ni nini, na kwa nini si kupanda maua

Kuna namna ya kuutaja usanifu wa mandhari ambayo imezoeleka mno. Mradi wa mji unaelezwa kwa kirefu: barabara, majengo, taa, maegesho ya magari. Chini kabisa ya bajeti panaandikwa "usanifu wa mandhari", na ukiuliza maana yake utaambiwa ni nyasi, miti michache ya kupendezesha na maua kandokando ya lango. Fedha zikipungua, kifungu hicho ndicho kinachokatwa kwanza. Wanaosema hivyo hawana nia mbaya. Wamechukua jina la taaluma moja wakalibandika kwenye kazi nyingine, na kosa hilo linaigharimu miji zaidi ya inavyodhaniwa.

Maana yenyewe haihitaji nafasi kubwa. Usanifu wa mandhari ni taaluma ya kubuni eneo la nje ya majengo: umbo la ardhi, njia ya maji, udongo na mimea, mapito ya watu na vyombo, mahali pa kukaa, pa kucheza na pa kukutana, ili vyote vifanye kazi pamoja kwa miaka mingi. Eneo hilo laweza kuwa uwanja mdogo kati ya mitaa miwili au bonde zima la mto. Anayeifanya kazi hiyo ni msanifu mandhari. Husomea chuo kikuu, na shirikisho la kimataifa la taaluma yake lipo tangu 1948. Hapo hakuna ubishi.

Ubishi uko kwenye mpaka kati ya kusanifu eneo na kulipamba. Anayepamba hukabidhiwa ardhi ambayo maamuzi yake yamekwisha kufanywa. Kiwanja kimeshasawazishwa, mtaro umeshachimbwa, mabomba yamezikwa, zege la njia limekauka. Anabakiwa na vipande vilivyosalia katikati, na ndani ya vipande hivyo anachagua rangi. Ni kazi halali yenye ujuzi wake, na mtunza bustani mzuri anajua kuhusu mimea mambo ambayo wasanifu wengi hawayajui. Lakini hawezi kubadilisha mahali maji yatakapotuama. Hilo liliamuliwa na mtu mwingine, mara nyingi bila hata mtu huyo kutambua kwamba anaamua.

Msanifu mandhari huanzia kwenye kontua, yaani mistari ya ramani inayoonyesha mwinuko wa ardhi. Mteremko wa asilimia 2, yaani sentimita mbili kwa kila mita moja, jicho haliutambui kwa urahisi, lakini unatosha kuondoa maji kwenye uwanja uliosakafiwa. Mteremko ukizidi kidogo asilimia 8, umefika kikomo ambacho viwango vingi vya ujenzi huweka kwa njia ya kiti cha magurudumu. Kwa hiyo tofauti ya sentimita chache, iliyochorwa kabla ya trekta kufika, ndiyo inayoamua nani ataweza kuingia kwenye bustani na nani ataishia barabarani. Hakuna maua yatakayorekebisha hilo baadaye.

Mti nao ni vivyo hivyo. Watu hudhani mizizi hushuka chini sana, kama kwamba mti una nakala yake iliyogeuzwa ardhini. Kwa miti mingi sehemu kubwa ya mizizi hukaa kwenye tabaka la juu la udongo, inakopata hewa na maji, na hutandaa kupita upana wa matawi. Ukiuweka mti kwenye shimo la mita moja lililozungukwa na udongo ulioshindiliwa na kufunikwa kwa lami, utadumaa, au utainua sakafu, au utakufa. Kisha watasema aina ile ya mti haifai mjini. Kilichokosekana ni udongo, na nafasi ya udongo chini ya sakafu hutengwa kabla sakafu haijawekwa. Mji unaotaka kivuli baada ya miaka 20 unapaswa kukilipia leo, chini ya ardhi, mahali ambapo hakuna kiongozi atakayepiga picha siku ya uzinduzi.

Ukitaka kuona mimea ikipewa kazi, tazama mto Kallang unaopita katika bustani ya Bishan–Ang Mo Kio nchini Singapore. Ulikuwa umefungwa ndani ya mfereji wa zege ulionyooka, wenye urefu wa kilomita 2.7. Kazi iliyokamilika mwaka 2012 iliuvunja mfereji huo na kuupa mto mikunjo, ukawa na urefu wa kilomita 3.2 ndani ya bustani ileile. Siku za kawaida maji ni kidogo na watoto hushuka hadi ukingoni. Mvua kubwa ikinyesha, mto hutanuka juu ya nyasi, na bustani yenyewe inageuka kuwa mkondo. Mimea ipo, tena mingi, ila inashika udongo wa kingo usimomonyoke. Uzuri wake ni wa kweli, lakini ulikuja pamoja na kazi hiyo.

Huko Rotterdam, Uholanzi, uwanja wa Benthemplein uliofunguliwa 2013 una mabonde matatu yaliyosakafiwa. Kukiwa kukavu, bonde kubwa ni uwanja wa michezo wenye ngazi za kukalia watazamaji. Mvua ikizidi, mabonde hayo hupokea maji ya mapaa na viwanja vya jirani, jumla mita za ujazo zipatazo 1,700, na kuyashikilia wakati mabomba ya mji yameelemewa. Mjini Bangkok, Thailand, msanifu mandhari Kotchakorn Voraakhom aliiinamisha bustani nzima. Chulalongkorn Centenary Park, iliyofunguliwa 2017, ina mwinamo wa nyuzi tatu: maji huanzia kwenye paa lenye mimea upande wa juu, yakapita kwenye ardhi oevu, yakaishia bwawani upande wa chini, na eneo zima linaweza kuhifadhi karibu lita milioni 3.8. Anayetembea humo huenda asihisi kwamba anashuka. Uamuzi huo wa nyuzi tatu ndio usanifu wa mandhari. Mtu akiuondoa kwa kubana matumizi, atabaki na bustani ya kupendeza katika mji unaofurika.

Nadhani chanzo cha mkanganyiko kimo ndani ya jina lenyewe, ambalo kwa Kiingereza ni *landscape architecture*. Waingereza walipokea neno *landschap* kutoka Kiholanzi karibu na mwisho wa karne ya 16, na walilipokea kupitia wachoraji. Lilikuwa na maana ya picha: mashamba, vilima na anga ndani ya fremu. Maana ya ardhi yenyewe ilifuata baadaye. Mwaka 1828 Mskoti Gilbert Laing Meason, anayetajwa kuwa wa kwanza kuliunganisha neno hilo na usanifu, aliandika kitabu kuhusu majengo yanayoonekana katika picha za wachoraji wakubwa wa Italia. Hakuwa akizungumzia kutengeneza bustani za miji. Mwaka 1840 John Claudius Loudon, mwandishi wa masuala ya bustani, akalitumia jina hilo kwa kazi za Humphry Repton, mbunifu aliyebadilisha sura ya mashamba ya matajiri wa Uingereza. Hata hapo tulikuwa bado kwenye kitu cha kutazamwa kutoka dirishani.

Katika miaka ya 1860 Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, waliokuwa wakiijenga Central Park mjini New York, walilichukua kuwa jina la kazi yao. Olmsted hakulipenda. Mwaka 1865 alimwandikia Vaux akilalamika kwamba jina hilo linamsumbua kila wakati. Hakupata lililo bora, na wanataaluma wa Marekani walipounda chama chao mwaka 1899 wakalithibitisha. Hivyo kazi inayoshughulika na maji, udongo na mwendo wa watu ilirithi jina lililozaliwa kwenye picha. Hata mandhari, tuliyoipata kutoka Kiarabu, mzizi wake ni kutazama. Si ajabu basi kwamba mtu akilisikia jina hili akili yake inakimbilia kwenye kinachovutia macho.

Central Park yenyewe huongeza mkanganyiko, maana wengi huiona kama kipande cha asili kilichoachwa salama katikati ya majengo. Mpango wa Olmsted na Vaux, ulioshinda mashindano ya 1858, ulidai kulipuliwa kwa miamba, kukaushwa kwa vinamasi, kuletwa kwa udongo na kuchimbwa kwa maziwa. Uamuzi wao ninaouheshimu zaidi hauonekani kabisa kwa anayetembea ndani. Masharti ya mashindano yalitaka barabara nne zikatize bustani kutoka upande mmoja hadi mwingine. Olmsted na Vaux walizishusha chini ya usawa wa ardhi, na tangu enzi za mikokoteni hadi za magari vyombo vinapita bila kumkatisha mtu matembezi yake. Hakuna ua hata moja katika uamuzi huo, na ndio unaoifanya bustani hiyo ihisike kuwa kubwa.

Ni lazima kusema pia kwamba mahali hapo palikuwa na watu. Seneca Village, makazi yaliyoanzishwa 1825, ambako Waamerika weusi kadhaa walikuwa wamenunua viwanja vyao, yalibomolewa mwaka 1857 kupisha bustani ya umma. Mtu akishalijua hilo, "eneo la umma" haliwezi tena kuwa jambo la kuchukuliwa kirahisi. Umma upi?

Na hapo ndipo panapotokea kosa la pili, pacha wa lile la kwanza: kuliita eneo lolote lililo wazi kuwa ni la umma. Uwazi ni hali ya ardhi, haina jengo juu yake. Kuwa la umma ni suala la haki: nani anamiliki, nani anaruhusiwa kuingia, kanuni zimewekwa na nani, na nani anaweza kumwambia mtu aondoke. Mwaka 1961 New York ilianza kuwaruhusu wajenzi kuongeza ukubwa wa majengo yao endapo wataacha uwanja wazi chini kwa matumizi ya watu wote. Viwanja vikapatikana kwa wingi, na vingi vilikaa vitupu. Katika miaka ya 1970 William H. Whyte, mtafiti wa maisha ya mijini, alivirekodi kwa kamera, akatazama kwa uvumilivu, akafikia jambo linaloonekana dogo: watu hukaa mahali palipo na pa kukaa. Jua, kivuli, maji na chakula vilisaidia, lakini pasipokuwa na kiti, ukingo au ngazi ya kukalia, uwanja ulibaki njia ya kupita tu. Mwaka 1975 kanuni za mji zilirekebishwa zikadai sehemu za kukaa. Kwa miaka 14 mji ulikuwa umelipia nafasi wazi, ukidhani umenunua maeneo ya umma.

Zuccotti Park ni moja ya viwanja vya namna hiyo, vinavyomilikiwa na kampuni binafsi. Waandamanaji wa Occupy Wall Street walipopiga kambi hapo mwaka 2011, watu wengi waligundua kwa mara ya kwanza kwamba si mali ya mji. Cha kushangaza, umiliki huo uliwasaidia mwanzoni: bustani za mji hufungwa usiku, ilhali makubaliano ya uwanja ule yalidai uwe wazi saa 24. Kisha mwenye uwanja akaweka kanuni za kukataza mahema na kulala chini, na Novemba mwaka huohuo wakaondolewa. Lawama na sifa tuziache. Ninachosisitiza ni kwamba kanuni ya lango na saa ni sehemu ya ubunifu wa eneo sawa na benchi, na haionekani kwenye picha ya kompyuta inayoonyeshwa wakati mradi unatangazwa.

Kwa hiyo unapozungumzwa mustakabali wa maeneo ya umma mijini, sioni kama swali ni kijani kiasi gani. Miji itanyeshewa mvua kubwa zaidi na itapata siku za joto kali zaidi, na maeneo haya ndiyo yatakayotakiwa kumeza maji na kutoa kivuli, yakiwa bado mahali ambapo mtu asiye na fedha anaweza kukaa bila kuulizwa amekuja kununua nini. Baada ya mvua ya tarehe 2 Julai 2011 kuifurikisha Copenhagen, mji huo ulipitisha mpango mwaka 2012 wa kuzitumia bustani, viwanja na mitaa yake kupokea maji ya namna hiyo. Lengo la 11.7 la Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa limeweka mwaka 2030 kuwa tarehe ya kufikisha kwa wote maeneo ya kijani na ya umma yaliyo salama, jumuishi na yanayofikika, wakitajwa hasa wanawake, watoto, wazee na watu wenye ulemavu. Kijani ni neno moja tu katika sentensi hiyo.

Basi ukikutana na mchoro uliojaa kijani na maneno "usanifu wa mandhari" pembeni, usibishane na anayekuonyesha. Muulize kontua ziko wapi, maji ya mvua yanaingilia wapi na kutokea wapi, udongo wa miti una kina na upana gani, na lango linafungwa saa ngapi kwa amri ya nani. Kama majibu hayapo, alichonacho ni mpango wa kupanda mimea, na hakuna aibu kuuita hivyo. Ukiitwa kwa jina lake, itaonekana kwamba nafasi ya msanifu mandhari katika mradi ule bado haijajazwa, na huenda akatafutwa mtu kabla zege halijamwagwa.