Kibao cha chuma cha sonara kutoka kwenye springi ya lori

Wateja wakija karakanani kwangu hapa Dodoma kuna kitu kimoja mezani lazima wakishike, wanakinyanyua wanashtuka uzito wake af wananiuliza nimekinunua wapi. Ni kibao changu cha chuma. Kwa ambao hamfanyi usonara, ni fuawe ndogo bapa ya mezani, yangu ina sentimita 8 na nusu kila upande na unene wa sentimita 2 na kidogo, inakaa juu ya kipande cha mpira wa tairi ili isipige kelele, na karibu kila pete na hereni inayotoka kwangu imepita pale juu. Nanyooshea waya, nagongea mihuri, na ile fedha ikishalainika kwa moto naigonga pale mpaka inarudi kuwa ngumu. Sijakinunua, nimekitengeneza kwa skrepa, na leo naandika vile nilivofanya maana mafundi wenzangu wawili watatu wameniomba.

Kwanza muelewe kwa nini ugumu wake ni jambo kubwa. Fedha ya 925, yaani yenye sehemu 925 za fedha tupu kwa kila 1000, ni laini na inachukua kila kitu, ukiigonga juu ya chuma chenye mkwaruzo basi mkwaruzo unahamia kwenye fedha, unabaki unasugua na msasa nusu saa nzima kuondoa alama iliyoingia kwa pigo moja. Mi kibao changu cha kwanza nilinunua Dar, duka moja, kilikuwa kinang'aa kama kioo, ndani ya miezi miwili kikajaa vishimo na siku nilipokigusa na tupa, ile tupa ikala bila shida yoyote, yaani kilikuwa laini. Kilikuwa chuma cha kawaida kimepakwa kromu. Chuma kama cha flati ba, hiki tunachotengenezea madirisha na mageti, kina kaboni kidogo sana, hata ukikipasha mpaka kiwe chekundu ukakizamisha kwenye maji mara mia hakiwi kigumu, maana kaboni ndo inayofanya kazi hiyo na yeye hana ya kutosha. Niliumia sana kwa ile hela.

Sa chuma chenye kaboni tunakipata wapi Dodoma? Hapa ni njia panda, malori ya kwenda Singida mpaka Rwanda na Burundi yanapita usiku na mchana, na springi zinakatika. Jani la springi la gari dogo ni jembamba mno, usihangaike nalo, unachotafuta ni jani la semi trela, yale mazito ambayo katikati ni manene af yanapungua kuelekea mwisho. Nilienda kwa mzee mmoja wa skrepa Kizota, nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, nikaanza kuchambua lundo lake na rula mkononi. Nikapata jani lenye upana wa sentimita 9 na unene wa milimita 25 pale katikati. Mzee akaniambia, "Mwanangu hiyo imekatika, haifungwi tena kwenye gari." Nikamwambia ndo hiyohiyo naitaka. Chuma cha springi kina kaboni kama asilimia 0.5 mpaka 0.6 na mara nyingi kimechanganywa na kromiamu kidogo, hiyo kromiamu ndo inafanya kikubali kuwa kigumu kikipashwa na kuzamishwa kwenye mafuta hata kikiwa kinene. Kipande cha kilo nne nikalipa elfu sita.

Hapa niseme jambo moja na nalisema kwa moyo wote. Kuna watu watakushauri ukatafute kipande cha reli, na ni kweli reli ni chuma kizuri kwa kazi hii, ila usinunue reli mtaani. Hujui imetoka wapi. Reli ya kati inabeba watu, na kukutwa na chuma cha reli ni kesi, na hata kama isingekuwa kesi hakuna pete inayostahili treni kuanguka.

Springi iliyokatika ina ubaya wake, inaweza kuwa na nyufa zingine ambazo macho hayaoni, na ukija kuizamisha kwenye mafuta ufa unafunguka hapohapo na kazi yako ya siku tatu imekwisha. Kwa iyo kabla ya kukata chochote nilisugua kutu yote na brashi ya waya, nikapaka mafuta ya taa nikaacha kama robo saa yaingie, nikafuta mpaka pakauka kabisa, af nikapaka unga wa chaki juu. Ukisubiri kidogo mafuta yaliyojificha kwenye ufa yanapanda juu yanalowesha chaki na unaona mstari mweusi mwembamba kama unywele. Kwangu ulitokea mmoja karibu na pale palipokatikia, urefu wa kidole gumba, na mwingine mdogo unatokea kwenye lile tundu la bolti ya katikati. Nikapima nikaruka sehemu zote mbili nikachora mraba wangu kati yake.

Usiamini pia neno la muuzaji kwamba hii ni springi basi inatosha. Kata kijipande kidogo upana wa kidole, kipashe mpaka kiwe chekundu, kizamishe, af kibane kwenye jiriwa ukipige nyundo, umevaa miwani ya kazi. Kikikatika tap kama kigae na ndani kikawa na chembe laini za kijivu, hicho ni chuma chako. Kikipinda tu, rudisha. Dakika kumi hizi zitakuokoa siku tatu.

Jani la springi limepinda na tayari ni gumu kiasi, kwa iyo nililipasha kwanza kulinyoosha. Tanuru langu ni la matofali tu, mkaa, na feni ya kupulizia hewa. Likiwa jekundu vizuri nikalinyoosha kwa nyundo kubwa juu ya fuawe la jirani yangu fundi wa majembe, nikalirudisha motoni, af likiwa bado jekundu nikalifukia kwenye debe la jivu kavu nikaenda kulala. Asubuhi bado lilikuwa vuguvugu. Linapoa polepole hivo linalainika na tupa inakula bila kelele. Nikakata mraba kwa grenda, nikapunguza kingo zote nne zisiwe kali maana kona kali ndo nyufa zinapoanzia, nikasawazisha uso kwa tupa pana. Kikabaki kama kilo moja na nusu. Usikifikishe kwenye ukubwa wa mwisho sasa, acha karibu milimita moja kila upande na sababu yake inakuja.

Kazi ya kutia ugumu ifanye jioni. Mchana jua la Dodoma linakudanganya rangi, chuma chekundu kinaonekana cheusi, na huu upepo wa kiangazi unarusha cheche mpaka kwa jirani. Mi nilisubiri saa kumi na mbili na nusu upepo umetulia. Mafuta nilitumia ya alizeti, ya kukamua hapahapa, lita kumi na mbili kwenye ndoo ya chuma, nikayapasha kwanza mpaka kidole kinashindwa kukaa, kama nyuzi 50 hivi, maana yakiwa ya baridi ni mazito na hayapozi vizuri. Mfuniko wa chuma uwe pembeni. Mafuta yakiwaka unafunika, usiguse maji hata kidogo.

Kipasho chenyewe kinapimwa kwa sumaku. Chuma kikifika karibu nyuzi 770 sumaku inaacha kukishika, unaning'iniza sumaku kwa waya unagusisha, siku ya kwanza unaona kama muujiza. Ikiacha kushika, ongeza moto kidogo tu mpaka wekundu uchangamke, unaelekea rangi ya chungwa, af kiache pale kama dakika kumi joto liingie mpaka katikati, ukikigeuza geuza ili kona zisiwahi kuliko tumbo. Ukizidisha moto chembe za chuma zinakuwa kubwa na kinakuwa kama biskuti. Kikiwa tayari kishike na koleo ndefu, kizamishe kwa ubavu, wima, chote kwa pigo moja, af kipandishe na kukishusha ndani ya mafuta, usikipeleke kushoto na kulia kitapinda. Kinaunguruma ndani ya ndoo, unakisikia mpaka kwenye koleo.

Na hapa ndo nilipopoteza kibao changu cha kwanza cha springi, kabla ya hiki. Nilikitoa kwenye mafuta nikakipitisha tupa, tupa ikala. Nikasema hakijakubali. Nikarudia moto, nikazamisha, tupa ikala tena. Mara ya tatu nikaona labda mafuta ni dhaifu, nikazamisha kwenye maji, nikasikia tiii, ufa toka kona mpaka kona. Nikakaa chini nikakiangalia. Baadaye nikasugua kile kilichopasuka na jiwe la grenda kidogo tu, nikajaribu tupa, ikateleza kama kwenye kioo. Kilikuwa kigumu tangu mara ya kwanza! Moto na hewa vinakula kaboni ya juu, inabaki ngozi nyembamba laini, chini yake ndo chuma kigumu. Ndo maana nimesema uache ile milimita moja. Ukitaka kujaribu, sugua kona moja kwanza mpaka ngozi ile iishe, af ndo uulize tupa.

Kikitoka kwenye mafuta kikiwa bado vuguvugu usikiache mpaka kesho, kwa wakati ule ni kigumu ila kinakatika kama kigae, na kinaweza kupasuka peke yake usiku mezani. Mi nilikipeleka kwa dada yangu anayeoka keki, oveni nyuzi 200, kwa muda wa saa mbili, nikakiacha kipoe, af muda wa saa mbili tena. Sehemu uliyoing'arisha inageuka rangi ya nyasi kavu, manjano hafifu, na hapo ndo pa kuishia. Ikifika zambarau au bluu umevuka, umerudi kwenye ulaini wa springi. Kwa kipimo cha ugumu kinachoitwa Rockwell kwa chuma hiki unategemea kama 57 hivi, inatosha kabisa kwa fedha, dhahabu na shaba.

Kunyoosha uso ndo kazi ndefu na haina njia ya mkato. Nilichukua kipande cha granaiti kwa watu wanaotengeneza kaunta za jikoni, nikabandika msasa wa 80 juu, nikachora uso wa kibao mistari kwa maka peni af nikasugua kwa mwendo wa namba nane. Wino unaobaki ni bonde, unaoondoka ni mlima. Wino ukiondoka wote kwa pamoja unaenda misasa laini zaidi, 120, 220, 400, 600, kila msasa unageuza mwelekeo mpaka mikwaruzo ya ule wa nyuma iishe yote. Mimi ilinichukua jioni tatu, mikono inauma, ila siku niliyoweka waya wa fedha juu yake nikagonga mara moja na nyundo laini, ule upande wa chini ulitoka unang'aa kuliko wa juu.

Usikipige kibao chenyewe na nyundo bila kitu katikati, vyuma viwili vigumu vikigongana kipande kinaweza kuruka kikaingia jichoni. Masika futa na kitambaa chenye mafuta kila jioni. Lile tundu la bolti nililoliruka nalo sikulitupa, upande wa pili wake hapakuwa na ufa, nikakata kipande kidogo kuanzia hapo, kina ukubwa wa kiberiti, nakitumia kukandamiza vishikio vya mawe ya kijani ya Haneti, hapahapa mkoani Dodoma, na chenyewe nilikipika kwenye oveni ileile siku moja na keki za harusi.