Ndege ya abiria ni ipi hasa?

Ndege ya abiria, kwa maana kamili ya neno hilo, ni ndege iliyobuniwa tangu kwenye karatasi ya mhandisi ili ibebe watu wanaolipa nauli. Maelezo hayo ni mepesi, lakini yanaziweka kando ndege nyingi zilizowahi kubeba abiria. Tarehe 1 Januari 1914, rubani Tony Jannus alimvusha abiria mmoja juu ya ghuba ya Tampa huko Florida kwa muda wa dakika 23 hivi, na safari hizo ziliendelea kwa miezi michache kwa nauli ya dola 5. Biashara ya abiria ilikuwapo, ila chombo chenyewe kilikuwa boti ndogo yenye mabawa, na abiria alikaa ubavuni mwa rubani, wote wawili wakipigwa na upepo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, viwanda vya Ulaya vilibaki na ndege za kivita zisizo na mnunuzi, na njia ya haraka ilikuwa kuzigeuza. Waingereza waliichukua ndege ya mabomu ya DH.4, wakatengeneza nyuma ya rubani kijichumba cha watu wawili waliokaa wakitazamana, kisha wakakifunika kwa paa lenye madirisha. Wafaransa nao waliigeuza Farman Goliath, iliyokusudiwa kudondosha mabomu, ikapata viti 12 hivi. Abiria katika ndege hizo alikuwa mgeni aliyepewa nafasi ya bomu.

Ndege iliyoanza na abiria mwenyewe ilipaa Dessau, Ujerumani, tarehe 25 Juni 1919. Hiyo ni Junkers F 13, kazi ya mhandisi Otto Reuter katika kiwanda cha Hugo Junkers. Wakati ndege nyingi zilikuwa bado za mbao na turubai, hii ilikuwa ya metali tupu, aina ya aloi ya alumini iitwayo duralumini, na ngozi yake ilikuwa na migongo na mifereji kama mabati tunayoezekea nyumba, kwa sababu ileile: bati jembamba likikunjwa hivyo halipindi ovyo. Abiria 4 walikaa ndani ya chumba kilichofungwa, chenye joto na mikanda ya viti, ilhali marubani walikaa mbele yao katika nafasi iliyo wazi nusu. Anayetaka kujua ndege hiyo ilimfikiria nani kwanza atazame nani aliyenyeshewa.

Mbao hazikuachwa kwa siku moja. Tarehe 31 Machi 1931, ndege ya Fokker F-10 yenye bawa la mbao ilivunjika angani huko Kansas, wakafa watu wote 8 waliokuwamo, akiwamo kocha maarufu wa kandanda ya Kimarekani, Knute Rockne. Serikali ya Marekani ikadai mabawa ya namna hiyo yakaguliwe mara kwa mara, na kwa kuwa ukaguzi ulilazimu kuyafungua, mashirika yaliona gharama haibebeki.

Boeing ilijibu mwaka 1933 kwa ndege ya 247, ya metali, yenye injini mbili na viti 10. Ilikuwa na kasi, ingawa mhimili wa bawa ulikatiza katikati ya chumba, na abiria aliyetaka kwenda mbele alilazimika kuuvuka kwa kuinua mguu. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa la kibiashara, kwani ndege 60 za kwanza zilitengwa kwa ajili ya shirika la ndege la United, lililokuwa chini ya kampuni mama moja na Boeing. TWA, shirika jingine la ndege la Marekani, lililokosa nafasi katika foleni hiyo, lilikuwa limewaandikia watengenezaji wengine tangu Agosti 1932, na Douglas ya California ikajibu kwa DC-1, kisha DC-2 yenye viti 14.

Hapo ndipo jambo la vitanda lilipoingia. American Airlines ilitaka ndege ya kulala usiku, na kwa kuwa vitanda havikuenea katika DC-2, Douglas iliupanua mwili wa ndege. Vitanda vilipoondolewa, kila safu iliyokuwa na viti 2 ilitosha viti 3, na safu 7 zikafanya abiria 21. Ndege hiyo, DC-3, ilipaa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935. Viti viliongezeka kwa nusu nzima, lakini gharama ya kuirusha haikuongezeka kwa kiasi hicho, hivyo mashirika ya Marekani, yaliyozoea kuishi kwa malipo ya serikali ya kubeba barua, yaliweza kupata faida kwa nauli peke yake. Hata East African Airways, iliyoundwa mwaka 1945, ilikuja kuitumia DC-3 katika safari zake za ukanda huu.