Injini ya boti kukosa nguvu ikibeba mzigo: yanayosemwa mwaloni na ukweli wake

Boti imepakia mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, injini imewaka kwa mvuto wa kwanza na mlio ni safi. Asubuhi ikiwa tupu ilikimbia vizuri. Sasa ina abiria, magunia ya unga na madumu, inaelekea vijiji vya Mwamgongo au Kagunga. Nahodha akifungua resi hadi mwisho, injini inakohoa, mlio unakuwa mzito na mwendo unashuka. Maelezo yanayotolewa hapo ni mengi, na baadhi yake huishia kwenye pistoni iliyokwama katikati ya ziwa.

Linaloongoza ni hili: “Injini ni nzima, si unaisikia inavyonguruma? Mzigo tu ndio umezidi.”

Kweli mzigo unaweza kuzidi. Lakini mngurumo mzuri boti ikiwa imesimama hauthibitishi chochote. Injini ikiwa bila gia, petroli hupita kwenye jeti ndogo (kitundu cha kupimia petroli) ya kabureta, tena kidogo sana. Ukifungua resi yote, kazi inahamia kwenye jeti kuu. Injini ya farasi 40 ya mchanganyiko, yaani inayotumia petroli iliyochanganywa na oili, inaweza kula lita 15 hadi 20 kwa saa ikikimbia kwa nguvu zote. Filta iliyoziba nusu, pampu yenye dayaframu (utando unaosukuma petroli) iliyochoka au mpira wa mafuta wenye ufa mdogo unaovuta hewa, vyote vinatosheleza injini iliyotulia. Vinashindwa pale tu inapodaiwa kazi.

Kwa hiyo uchunguzi ufanywe boti ikiwa na mzigo, na chombo cha kwanza unacho tayari: kile kipampu cha mkono kilicho kwenye mpira wa mafuta. Injini ikianza kulegea, msaidizi akiminye taratibu. Nguvu zikirudi, injini haipati petroli ya kutosha kwa pampu yake yenyewe. Angalia dayaframu, na kagua mpira kote, hasa kwenye maungio. Ukikuta kipampu kimenyonywa hadi kimebonyea, kizuizi kiko upande wa tangi: skrubu ya hewa kwenye kifuniko haijafunguliwa, kichujio cha ndani kimeziba, au gunia limekalia mpira. Hilo la gunia lianze kukaguliwa kabla hujashika spana, maana boti zetu hupakia hadi nyuma. Na kama kuminya hakubadilishi lolote, ndipo uigeukie jeti kuu, umeme wa plagi na propela.

“Ikilegea, vuta choki kidogo utembee nayo hivyohivyo hadi ufike.” Sipendi kabisa kusikia ushauri huu. Injini ikipata nafuu kwa choki, imekueleza kwamba ina njaa ya petroli, haijapona. Kwenye injini ya mchanganyiko, oili inaingia pamoja na petroli. Petroli ikipungua, oili nayo inapungua, na mchomo ndani ya silinda unakuwa mkali zaidi. Kuendelea kukaza resi katika hali hiyo ndiko kunakotoboa pistoni au kuikwamisha. Punguza resi, geuza boti ukingali karibu na nchi kavu.

Jirani yake ni “ongeza oili, itapata nguvu.” Kabureta hupitisha kiasi chake cha kimiminika. Oili ikizidi, inakalia nafasi ya petroli, na ziada yake inachafua plagi na kuacha masizi kwenye ringi. Uwiano uchukue kwenye kitabu cha injini yako. Injini nyingi zinazochanganywa kwa mkono zinataka 50 kwa 1 baada ya kuzoeshwa, yaani mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli. Pima kwa chombo chenye alama. Kukisia kwa rangi ya mchanganyiko ni kucheza na mashine ya bei kubwa.

“Petroli imechakachuliwa.” Huenda, lakini usilaumu kabla ya kupima. Chota kutoka chini kabisa ya tangi, mimina kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, iache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yatashuka na utaona mstari unaoyatenga, wakati mwingine na matone yanayoviringika chini ukiinamisha chupa. Maji hayo si lazima yatoke kituoni. Yanaweza kuwa yameingia kwa mawimbi au mvua kupitia kifuniko kibovu.

“Imechoka, ifunguliwe ibadilishwe ringi.” Hii ni kazi ya mwisho, na wengi wanaianza. Kwanza kagua plagi. Kimbiza injini na mzigo kwa dakika chache, kisha izime ghafla ikiwa kwenye kasi, usiiache itulie kwanza, maana rangi ya plagi itabadilika. Ndipo uzichomoe. Plagi moja ikiwa nyeusi na imelowa huku nyingine ikiwa ya kahawia, silinda moja haichomi: tafuta kwenye plagi, waya au koili. Zote zikiwa nyeupe, turudi kwenye njaa ya petroli. Cheche inayoonekana plagi ikiwa nje nayo isikuridhishe, kwa sababu ndani ya silinda mgandamizo unadai umeme wenye nguvu zaidi. Ukishamaliza hayo, pima mgandamizo kwa geji, na namba zikiwa mbaya ndipo uzungumzie ringi.

Kuna pia wanaosema maji yakitoka kwenye kitundu cha nyuma, injini haiwezi kuchemka. Yale maji yanaonyesha kwamba impela, gurudumu la pampu ya maji, inasukuma. Hayaonyeshi kama njia zote za ndani ziko wazi au kama thermostati, vali inayofunguka kwa joto, inafunguka. Mchanga wa ufukweni unatosha kuziziba, ingawa ziwa letu halina chumvi.

Sasa dalili iliyo tofauti: mlio unapanda juu, lakini boti haisogei. Hapo injini ina nguvu, ila hazigeuki kuwa msukumo. Ndani ya kitovu cha propela nyingi kuna mpira unaoshika shafti. Ukichoka, unateleza mzigo ukiwa mkubwa. Chora mstari mmoja wa rangi kutoka sehemu ya ndani ya kitovu hadi ya nje, kimbiza boti, kisha tazama. Mstari ukiwa umevunjika, mpira umeteleza. Ukiwa mzima, angalia kama injini imefungwa juu mno, propela ikameza hewa kila wimbi linapopita, hasa upepo wa kusini wa kiangazi unapovuma.

Wengine hulinganisha na Dar es Salaam: injini ileile huko inavuta zaidi. Ni kweli. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani) hupoteza karibu asilimia 8 ya nguvu. Ila upungufu huo ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Nguvu zilizopotea wiki iliyopita zina sababu nyingine.

Na kabla ya kuita fundi, toa maji yaliyo ndani ya boti. Ndoo 10 za lita 20 ni kilo 200, uzito wa abiria watatu ambao hukuwahesabu. Kisha fanya jaribio la mzigo sambamba na ufukwe, ukiwa umepakia mifuko ya mchanga badala ya watu.