Hakimu wa watoto hafungi watoto gerezani

"Endelea tu na utundu wako, utapelekwa kwa jaji akufunge." Wazazi wengi hapa Kisumu, kuanzia Nyalenda hadi Kondele, huwatisha watoto wao hivyo. Maneno hayo yananiuma, maana yamewajengea watoto hofu ya mahakama iliyowekwa kuwalinda.

Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 hairuhusu mtoto kufungwa gerezani. Hata maneno "kutiwa hatiani" na "kuhukumiwa" hayatumiki juu yake. Tuseme mvulana wa miaka 11 amekamatwa na simu ya wizi sokoni Kibuye. Hashtakiki, kwani umri wa kuwajibika kijinai ni miaka 12. Zamani ulikuwa 8. Akiwa na 13, huchukuliwa kwamba bado hajui kupambanua jema na baya, mpaka ushahidi uonyeshe vingine. Akiwa na 14, hapo kazi ya hakimu huwa nzito. Hutaka ripoti ya afisa wa watoto au wa probesheni: kijana analala wapi, anakula kwa nani, shule aliiacha lini na kwa nini? Anaweza kumrudisha nyumbani chini ya uangalizi, au kumpeleka shule ya urekebishaji. Ipo pia Borstal ya Shikusa, Kakamega, taasisi ya kuwarekebisha wavulana waliokaribia utu uzima. Lakini Kifungu cha 53 cha Katiba kinataka kumzuilia mtoto kuwe hatua ya mwisho kabisa, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na mbali na watu wazima.

Na huyo "jaji" kwa kawaida ni hakimu, aliyeteuliwa na Jaji Mkuu kupitia Gazeti la Serikali kusikiliza kesi za watoto. Anayeitamani kazi hii asome shahada ya sheria (Chuo Kikuu cha Egerton wanaifundisha Nakuru mjini), apite Chuo cha Sheria cha Kenya, aapishwe kuwa wakili, kisha akabili usaili wa Tume ya Huduma za Mahakama. Jaji wa Mahakama Kuu huhitaji tajriba ya miaka 10.

Wengine hudhani hakimu wa watoto anashughulika na watoto waliokosa tu. Mezani pake kuna pia faili za matunzo, malezi, na watoto waliotelekezwa.

Hapo ndipo akina baba husema, "Mahakama ile ni ya akina mama." Sivyo. Katiba inawapa wazazi wote wawili wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Baba aweza kupewa mtoto na mama akaamriwa kuchangia karo; kinachopimwa ni maslahi ya mtoto. Naye mtoto, kadiri ya umri wake, huulizwa angependa kukaa na nani. Hakimu aweza kumwita ofisini kwake wazungumze polepole, wazazi wakisubiri nje kwenye benchi.