Mvua ya kwanza ndo chafu kuliko zote: maji ya mitaro ya Dar yanabeba nini

Masika ikifika watu wanawaza mafuriko tu, Jangwani pamefungwa, mwendokasi hazipiti. Mimi ni injinia wa mazingira na kinachoninyima usingizi ni yale maji yamebeba nini, maana mitaro yetu ya mvua haina mtambo wa kusafisha mwishoni, maji yakiingia mtaroni Kariakoo au Vingunguti yanaenda Mto Msimbazi yalivyo, halafu baharini pale Selander, na huku bondeni watu wanalima mchicha. Tafiti zimeshakuta madini ya risasi kwenye mboga za bonde lile, na hizo mboga tunakula sisi.

Kitu cha kwanza kuelewa: uchafu hauji sawasawa na mvua. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi, tena zile dakika za mwanzoni, ndo inakomba kila kilicholala barabarani, vumbi la breki na matairi, oili ya gereji, mavi ya mifugo, majivu ya taka zilizochomwa. Chota maji mtaro ukianza kutiririka, utaona meusi na yana utando wa rangi rangi juu, rudi uchote palepale mvua ikishanyesha sana, mara nyingi utakuta ya kahawia, udongo mtupu. Kwa hiyo halmashauri ikifagia na kuzoa siku chache kabla ya vuli na kabla ya masika inaokoa mto kuliko kufagia kila siku mvua ikishaanza.

Shida ni kwamba maji hayana mwenyewe mmoja. Barabara za mitaa na mitaro yake ziko TARURA toka 2017, barabara kuu ni TANROADS, taka ngumu ni halmashauri, majitaka ni DAWASA, mto wenyewe uko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu na NEMC wanasimamia uchafuzi. Kila mmoja ana kipande chake, na uchafu unapita katikati yao wote.

Angalia kuzibua kalavati. Vijana wanaingia na machepe, kinatoka mchanga mweusi, chupa, pampasi, nywele bandia, ndala moja moja, vyote vinarundikwa pembeni mwa mtaro vikauke. Lori la kuzoa halionekani, mara nyingi kwa sababu hela iliyotengwa ni ya kuzibua tu, kuzoa hakumo, mvua inayofuata inarudisha rundo lote ndani. Kwangu mimi mtaro ambao tope lake halijaondoka eneo lile haujazibuliwa, na mkandarasi asilipwe mpaka lori limeondoka.

Halafu kuna kutapisha vyoo, na hapa naomba tuongee bila kuficha. Mvua ikipiga usiku watu wanatoboa shimo la choo linajimwaga kwenye maji yanayopita, asubuhi watoto wanacheza humo. Sehemu kubwa ya jiji haina bomba la majitaka, ni mashimo, na kwenye uswahilini gari la kunyonya haliingii vichochoroni, likiingia bei yake inamshinda mpangaji. Afisa afya anakuja na faini, lakini faini haimwondolei mtu shimo lililojaa! Kilichowahi kufanya kazi ni vikundi vya mtaa vyenye pampu ya mkono na mapipa juu ya guta, wanafika mpaka mlangoni na unalipia pipa ulilotoa. Ingekuwa juu yangu hela nyingi ningeweka hapo kabla ya kumwaga zege mita moja, kwa sababu kinyesi ndo kinacholeta kipindupindu, na mlipuko wa 2015 ulioanzia hapahapa Dar hatujausahau.

Zege silikatai. Mto Ng'ombe ulijengewa kuta chini ya DMDP, mradi wa kuboresha miundombinu ya Dar, na nyumba nyingi zimepona mafuriko. Ila zege linakimbiza maji, uchafu unafika Msimbazi haraka zaidi na hauchujwi na chochote njiani. Mtaro wenye majani na bwawa dogo la kutuliza maji vinaacha mchanga na madini yaliyoganda kwenye mchanga yatue chini, mradi bwawa lichimbuliwe mara kwa mara, lisipochimbuliwa linakuwa dampo la mbu.

Gereji na sehemu za kuosha magari ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Sakafu ya saruji, mtego wa vyumba viwili unaoacha oili ielee juu huku maji yakitokea chini, na pipa la oili chafu. Halmashauri ndo inatoa leseni ya biashara, iweke sharti hilo kwenye leseni na afisa mazingira afungue mfuniko aangalie kabla ya kuihuisha.

Na kalenda jamani. Mwaka wa fedha unaanza Julai, vuli inaanza Oktoba, nafasi ya kufagia, kuzibua na kuzoa ni Agosti na Septemba kukiwa kukavu, lakini kwenye mitaa mingi utaona machepe Machi au Aprili watu wamesimama ndani ya maji. Bajeti inapangwa miezi mingi kabla, kwa hiyo kwenye kikao cha mtaa muulize mtendaji mambo mawili: hela ya kuzoa tope imo, na itatoka mwezi gani.