Mgonjwa wa TB na kufuli la gereza

Nikifundisha maadili ya tiba huwa naanza na kisa cha Kapsabet, Kenya. Agosti 2010, wagonjwa wa kifua kikuu walikamatwa kwa kuacha dawa, na mahakama ikaamuru wakae gerezani miezi 8. Walikaa siku 46 ndipo Mahakama Kuu ikaagiza waachiliwe.

Wanafunzi hugawanyika papo hapo. Wapo wanaosema mwili ni wa mgonjwa, aamue mwenyewe. Wengine huuliza: na mtoto anayelala naye chumba kimoja, yeye ameamua nini? Mimi niko upande wa hawa wa pili kuliko wengi wanavyodhani. TB husambaa kwa hewa. Mtu akikohoa ndani ya matatu iliyofungwa madirisha, hakuna abiria aliyeombwa ridhaa. Serikali ina haki ya kumtenga mgonjwa. Ninachokipinga ni gereza.

Gerezani watu hulala wamebanana, hewa haipiti. Ukitaka TB ienee, mpeleke mgonjwa huko. Tena dozi ya kawaida ni miezi 6, na mwenye TB isiyo sugu akimeza dawa vizuri, baada ya wiki chache tu uwezo wake wa kuambukiza hushuka sana. Hiyo miezi 8 ilikuwa ya nini, kama si adhabu? Mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kifungu cha 27 cha Sheria ya Afya ya Umma hakiruhusu mgonjwa kufungwa gerezani, na kwamba kufanya hivyo ni kinyume cha Katiba.

Kanuni za Siracusa za 1984, mwongozo wa kimataifa kuhusu lini haki za binadamu zinaweza kuwekewa mipaka, zinataka kizuizi kiwe cha kisheria, cha lazima, na chepesi kuliko vyote vinavyoweza kufaa. Hapo kwenye wepesi ndipo ninapong'ang'ania. Kabla ya kufuli, kuna mtu aliyemuuliza mgonjwa kwa nini ameacha dawa?

Niliwahi kumuuliza mama mmoja. Akafungua fundo la leso: vidonge vya siku tisa, havijaguswa. "Daktari, nikivimeza na tumbo tupu natapika. Unga ukipatikana nitameza." Tulimtafutia unga na maharagwe, na jirani akakubali kumsimamia kila asubuhi akimeza. Dozi aliimaliza.

Wapo wachache ambao hata baada ya hayo yote hukataa. Hao watengwe, lakini wodini, kwa muda unaojulikana, wakiwa na haki ya kukata rufaa, na watoto waliowaacha nyumbani wakipata chakula.