Phil Gramm: pesa za kampeni zilimkuta njiani

Ukiuliza kwa nini wenye kampuni huchangia kampeni, wengi watakujibu: wananunua kura ya mbunge. Phil Gramm, aliyekuwa seneta wa Texas nchini Marekani, anaonyesha kwamba mambo si mepesi hivyo.

Kabla ya siasa alikuwa profesa wa uchumi, na tayari aliamini soko liachwe lijiendeshe. Aliingia bungeni 1979 akiwa Mdemokrati, akahamia Republican 1983, akawa seneta 1985. Wenye benki hawakuwa na haja ya kumgeuza. Walimkuta anaelekea wanakotaka, wakamjazia mafuta. Mwaka 1995, akiwania urais, alijigamba kwamba rafiki wa kutegemewa kuliko wote katika siasa za Marekani ni pesa iliyo mkononi. (Rafiki huyo hakumfikisha mbali: Februari 1996 alijitoa.)

Tangu 1907 kampuni haziruhusiwi kumpa pesa zao moja kwa moja mgombea wa ngazi ya shirikisho. Michango hupitia kamati za kisiasa zinazochangiwa na wakurugenzi na wafanyakazi wao. Kwa hiyo "pesa za Enron", kampuni ya nishati ya Texas, kwenye hesabu za Gramm maana yake ni hiyo.

Sheria inayobeba jina lake, ya 1999, ilibomoa ukuta wa tangu 1933 uliotenga benki za amana na biashara ya hisa. Hiyo ndiyo hulaumiwa sana, ingawa ilipita Seneti kwa kura 90 dhidi ya 8, na Rais Clinton akaitia saini.

Mimi naogopa zaidi ile ya Desemba 2000, iliyochomekwa ndani ya muswada mnene wa bajeti. Iliacha bila msimamizi mikataba ambayo mtu hulipwa mkopo wa mwingine usipolipwa: bima kwa kila kitu isipokuwa jina, na muuzaji hakulazimika kuweka akiba. AIG, kampuni kubwa ya bima, iliiuza mikataba hiyo kwa wingi, na Septemba 2008 serikali ikaikopesha dola bilioni 85 isizame.

Sheria hiyohiyo ililegeza biashara ya nishati ya mtandaoni, biashara ya Enron. Wendy Gramm, mkewe, aliongoza tume inayosimamia masoko hayo hadi Januari 1993. Wiki chache baadaye aliketi kwenye bodi ya Enron. Kampuni ilifilisika Desemba 2001. Mwaka uliofuata Gramm aliaga Seneti, akaenda benki ya UBS.